SOMO: MIKONO INAPOKATAA KUDARIZI

Tukumbuke mwaka 2020. Hapa Tanzania hatukufungiwa majumbani kama nchi nyingine, lakini tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule, na watoto wa shule za msingi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Masika ilikuwa juu yetu, mawingu yamefunika milima ya Uluguru. Wengi wetu tulisema, "Sasa tutamaliza vitambaa vya makochi." Siku zikapita, na sindano zikashika kutu kikapuni.

Je, huo ulikuwa uvivu? Hapana. Kudarizi kunataka kuhesabu, na moyo wenye hofu hauhesabu vizuri. Tena mikono iliyopika, kufua na kulea tangu asubuhi huchoka.

Lakini barakoa za vitambaa zilipohitajika, sindano zilirudi mkononi. Kwa nini? Kazi ilikuwa fupi, mshono wake rahisi, na mwenye kuihitaji alijulikana. Dorkasi naye (Matendo 9) aliwashonea nguo wajane aliokuwa nao.

Basi, taabu ikija tena, tufanye hivi:

1. Tuchague kazi ndogo, ya mtu tunayemfahamu.
2. Tushone mchana penye mwanga, kwa muda mfupi.
3. Tuache sindano pale tutakapoanzia kesho.
4. Tupokezane: mmoja akichoka, jirani aendeleze.

Swali la kujadiliana: Ni nani mtaani kwetu anayehitaji kazi ya mikono yetu wiki hii?