Kabla ya kuchoma nyasi, muulize jirani wa juu

Ukitaka kuchoma nyasi kwenye miteremko yetu ya Lushoto, weka kiberiti mfukoni kwanza, umfuate jirani aliye juu yako. Moto hupanda mlima upesi kuliko mtu anavyokimbia, kwa hiyo atakayeungua ni yeye. Na huku juu ya Lukozi, moto ukimpita yeye unakutana na misindano ya Shamba la Miti Shume.

Sisi wenye malisho yanayopakana tunatembea mpaka mzima pamoja. Mkikaa barazani tu, hakuna atakayekumbuka mizinga ya nyuki ya mzee fulani wala miwati michanga ya mama wa pili. Mwenye wasiwasi halazimishwi, kipande chake kinazungukwa. Kulazimishana hakufai: matuta ya lazima ya Waingereza miaka ya 1950 yalikataliwa milimani huku, na wazee bado wanayasimulia. Tukielewana ndipo tunakwenda kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu kuomba kibali. Sheria ya Misitu ya 2002 ina masharti yake juu ya moto, na kusema "shamba ni langu" hakukuokoi.

Shamba la mahindi na maharage mimi silichomi. Mabaki yafunike udongo, masika isiushushe mtoni. Wala usiguse majani ya guatemala kwenye makinga maji, yale tuliyohimizwa kupanda na SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioanza 1981. Tunachoma mteremko wa nyasi kuukuu zilizokomaa hata ng'ombe hazili, ambazo zikiachwa hadi Septemba, mrina asali mmoja mzembe anatosha kuzilipua.

Wakati mzuri ni baada ya masika, nyasi zikiwa nusu kavu, nusu mbichi. Januari na Februari msithubutu. Tunawasha jioni, upepo wa kupanda ukishatulia. Washeni kwanza kishungi cha nyasi pembeni, mtazame moshi: ukiyumbayumba huku na huku, rudini nyumbani. Aibu ya kuahirisha ni ndogo.

Barabara ya moto hulimwa kwa msaragambo siku za kabla, juu na ubavuni, hadi udongo uonekane. Kufyeka tu hakutoshi, kwa sababu moto hutambaa kwenye mizizi na takataka. Kisha tunawasha kutoka juu, sambamba na barabara hiyo, ili moto ushuke polepole dhidi ya mlima. Ukishaacha utepe mpana mweusi, tunawasha mstari wa pili hatua chache chini yake. Huo hupanda, hukuta weusi, hufa. Hivyo hivyo hadi bondeni. Wenye matawi mabichi na madumu ya maji hukaa ubavuni, kwenye eneo lililokwisha kuungua. Mtu asisimame juu ya moto katikati ya nyasi, hata awe shujaa wa kijiji. Mmoja anayesikilizwa na wote ndiye anayesema "washa" na "acha".

Usiku watu hulala kwa zamu palepale. Visiki na kinyesi kikavu cha ng'ombe huficha kaa hadi kesho yake, kwa hiyo asubuhi tunavifukua na kuvimwagia maji.

Mifugo haiingii mpaka machipukizi yashike mizizi vizuri. Ugomvi wetu mwingi huanzia hapo, ndiyo maana siku ya kufungulia ng'ombe tunaipanga kabla ya siku ya kuwasha.