Somo la Uraia: Kutoka Kiti cha Kuteuliwa hadi Kura ya Mkazi wa Huruma

Mkazi wa Wadi ya Huruma anapopiga kura katika uchaguzi mkuu, hupewa karatasi 6. Mojawapo ni ya kumchagua Mwakilishi Wadi, yaani MCA, anayemwakilisha katika Bunge la Kaunti ya Nairobi. Haki hiyo ilichukua miaka mingi kupatikana. Somo hili linaeleza ni nani walioketi katika bunge la kikoloni, na waliingiaje humo.

Baraza lisilo na Mwafrika

Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, lililojulikana kwa kifupi kama LegCo, lilikutana kwa mara ya kwanza jijini Nairobi tarehe 17 Agosti 1907. Wanachama wake wote waliteuliwa, na wengi wao walikuwa maafisa wa serikali. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka wa 1920, ambapo Wazungu walitengewa viti 11. Baadaye Wahindi na Waarabu nao walichagua wajumbe wachache. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakuwa na kiti hata kimoja. Mwaka wa 1924 serikali ilimteua mmishonari, Kasisi John Arthur, asemee maslahi yao.

Kukosa kiti kulikuwa na gharama. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 bila Mwafrika yeyote barazani. Ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi yake. Bila cheti hicho, angeweza kukamatwa. Kodi nazo zilitozwa vivyo hivyo: mlipaji hakuulizwa kitu.

Mathu, kisha Mboya

Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo alikuwa Eliud Mathu, mwalimu, mnamo Oktoba 1944. Hata yeye hakuchaguliwa na wananchi. Aliteuliwa na serikali. Ndiyo maana viongozi Waafrika waliunda chama cha kumuunga mkono, kilichokuja kujulikana kama KAU. Walielewa kwamba mjumbe asiye na watu nyuma yake hana nguvu. Mathu aliutumia wadhifa wake kupinga kipande.

Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mnamo Machi 1957. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima. Nairobi yote ilikuwa na kiti kimoja cha Mwafrika, na Tom Mboya alikitwaa baada ya kumshinda wakili Clement Argwings-Kodhek.

Lakini si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilitegemea elimu, mapato, mali au utumishi wake. Aliyetimiza masharti kadhaa aliweza kupewa hadi kura 3, huku jirani yake asiyesoma wala kuwa na mali akikosa hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa kwanza cheti cha kuthibitisha utiifu kwa serikali.

Wajumbe hao 8 walikataa nyadhifa za uwaziri, wakadai viti zaidi. Mwaka wa 1958 viti vya Waafrika viliongezwa hadi 14. Mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960, ukafungua njia ya Waafrika kuwa wengi barazani.

Leo hali ikoje?

Nairobi sasa ina wadi 85, Huruma ikiwa mojawapo, na kila wadi humchagua MCA wake. Kifungu cha 177 cha Katiba kinaongeza viti maalum ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili za wajumbe, na vingine vya makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu na vijana. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo.

Aidha, Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti kufanya vikao vyake na vya kamati hadharani, na kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Mkazi anaweza pia kuwasilisha ombi lake rasmi bungeni. Anayelalamikia mtaro ulioziba au ada ya soko ana mlango wa kubisha, tofauti na mbeba kipande wa enzi zile.

Hata hivyo, kiti huwa cha mwananchi pale tu anapokifuatilia. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na mwenye kitambulisho anahimizwa kujiandikisha kupiga kura, kuhudhuria vikao vya maoni kuhusu bajeti, na kumuuliza MCA wake alichosema bungeni.

Maswali ya kujadili katika baraza la mtaa

1. Kuna tofauti gani kati ya mjumbe aliyeteuliwa na aliyechaguliwa?
2. Kwa nini Mathu alihitaji chama nyuma yake?
3. Ni suala gani la Huruma linalofaa kuwasilishwa bungeni kama ombi la wakazi?