Jirani Ndiye Anayeshika Mlango: Seli Shina za Uzazi katika Mnyoo wa Milimita Moja



Somo letu la toleo hili linatupeleka maabara. Mnaosoma udaktari, uuguzi, kilimo au biolojia mtakutana nalo darasani mpende msipende. Nyinyi wengine msiliruke, kwani swali lake linamhusu kila mwenye mwili: seli inajuaje wakati wa kuendelea kugawanyika na wakati wa kuacha? Ikikosea upande mmoja, unatokea uvimbe. Ikikosea upande wa pili, kizazi kinakatika.

Mnyoo mwenyewe

Jina lake la kisayansi ni Caenorhabditis elegans. Si yule wa tumboni tunayemezea dawa. Huyu huishi kwenye matunda na majani yanayooza, hula bakteria, na hamdhuru mtu. Urefu wake ni kama milimita 1, na mwili wake ni angavu kiasi kwamba seli zake zinaonekana kwa hadubini akiwa mzima. Katika joto la chumba, yai hukua na kuwa mnyoo anayezaa ndani ya siku tatu au nne.

Sydney Brenner alimchagua mnyoo huyu kwa utafiti huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1960. Mwaka 2002 yeye, John Sulston na H. Robert Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi waliyoifanya kwa mnyoo huyu.

Wengi wa minyoo hawa ni huntha: mwili ni wa kike, lakini hutengeneza kwanza mbegu za kiume kiasi cha 300, kisha hugeuka na kutengeneza mayai tu. Madume wapo, ila ni wachache.

Foleni ndani ya mrija

Huntha ana mirija miwili ya uzazi iliyojikunja. Kila mrija umefungwa upande mmoja, na kwenye ncha hiyo imekaa seli moja kubwa. Tuiite seli ya ncha. Yenyewe si seli ya uzazi. Ni sehemu ya mwili wa mnyoo.

Chini yake ndipo zilipo seli shina za uzazi. Hizi hugawanyika kwa mitosisi: moja inatoa mbili, na kila moja inabaki na kromosomu 12. Kadiri zinavyoongezeka, nyingine husogea mbali na ncha. Zikifika umbali wa kama seli 20, huacha mitosisi na kuingia meiosisi, yaani ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa 6 ili seli iwe mbegu au yai. Mrija mzima ni kama foleni: nyuma wanaoingia, katikati wanaojiandaa, mbele walio tayari.

Jaribio la 1981

Je, seli shina inabaki shina kwa tabia yake yenyewe, au kuna kinachoishikilia? Judith Kimble na John White walilijibu swali hili mwaka 1981. Walichukua miale ya leza, wakaiua seli ya ncha peke yake, wakaziacha seli za uzazi bila kuziunguza.

Mitosisi ikasimama. Seli zote za uzazi katika mrija ule, hata zile zilizokuwa nyuma kabisa, ziliingia meiosisi. Shina likaisha. Tena walipobadilisha mahali pa seli ya ncha katika mnyoo anayekua, mpangilio wa foleni nao ukabadilika kuifuata.

Funzo ni kwamba seli shina ya uzazi haijitoshelezi. Inabaki shina maadamu iko karibu na jirani yake.

Ujumbe unavyopita

Jirani anasema nini? Juu ya utando wa seli ya ncha kuna protini iitwayo LAG-2. Juu ya utando wa seli shina kuna kipokezi kiitwacho GLP-1. Vikigusana, kipokezi kinakatwa, na kipande chake cha ndani kinaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni, zikiwemo sygl-1 na lst-1. Kwa kuwa ujumbe huu unahitaji kugusana, aliye mbali haupati.

Tahadhari kwa mtihani: hii GLP-1 si ile homoni ya binadamu inayotajwa kwenye dawa za kisukari na kupunguza uzito. Majina yamefanana tu.

Protini zinazotokana na jeni hizo mbili hufanya kazi pamoja na protini za FBF. FBF hushika RNA inayobeba ujumbe wa jeni nyingine na kuizuia isitengenezewe protini. Mojawapo ya zinazozuiwa ni GLD-1, ambayo huisukuma seli kuelekea meiosisi. Ndiyo maana karibu na ncha GLD-1 ni kidogo, na kila seli inaposogea mbali, kiasi chake kinapanda.

Mlango na funguo mbili

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Husema, "Ishara ya jirani inaiamuru seli igawanyike." Tuone kama ni kweli.

Kuna minyoo wenye kasoro katika jeni ya glp-1 ambao kwenye nyuzi 15 za Selsiasi huzaa, lakini wakikuzwa kwenye nyuzi 25 kipokezi chao hakifanyi kazi, na huwa tasa. Mpaka hapo maelezo yale yanaonekana sawa.

Sasa chukua mnyoo asiye na GLP-1, na umwondolee pia GLD-1 na GLD-2. Ungetarajia mitosisi isimame, kwa sababu hakuna ishara. Kinyume chake, mrija unajaa seli zinazogawanyika bila kikomo. Ni uvimbe!

Kwa hiyo ishara haikuwa ndiyo injini ya mgawanyiko. Ufikirie mlango wa kuingia meiosisi. GLD-1 na GLD-2 ni funguo mbili, na mmoja ukikosekana, mwingine bado unaweza kuufungua. Kazi ya jirani ni kuzizuia funguo zisitumike mapema. Jirani akiondoka, mlango unafunguka. Lakini funguo zote mbili zikipotea, mlango haufunguki hata jirani asipokuwepo.

Protini za FBF zina kazi nyingine pia: husaidia huntha kuacha mbegu na kuanza mayai. Mnyoo asiye na FBF zote mbili hutengeneza mbegu tu, na akifika utu uzima seli shina zake zimekwisha. Protini zile zile zinahusika katika maamuzi mawili.

Inatuhusu nini?

GLP-1 ni ya familia ya vipokezi vya Notch, ambavyo binadamu pia anavyo. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa waliowachunguza wa aina moja ya saratani ya damu, ile ya seli T changa, walikuwa na mabadiliko katika jeni ya NOTCH1 yanayoifanya iwe kali kupita kiasi. Ni ugonjwa unaowapata watoto na vijana. Kipokezi kinachobaki kimewashwa humjaza mnyoo uvimbe, na cha jamaa yake huchangia saratani kwa mtoto. Anayedharau mnyoo wa kwenye takataka na akumbuke hilo.

Neno moja la mwisho. Tunaposema seli "inaamua hatima yake", tunafupisha maneno. Seli haina akili wala nia. Kuna protini nyingi au chache, karibu au mbali. Na "hatima" hapa si ile ya mlango wa qadar tunaoujadili kwenye darsa. Ni aina ya seli itakayotokea, basi.

Jipime

1. Seli ya ncha ikiuawa katika mnyoo mwenye afya, seli za uzazi zitafanya nini?
2. Ikiuawa katika mnyoo asiye na GLD-1 wala GLD-2, je?
3. Kwa nini huntha asiyekutana na dume huishia kuzaa watoto kama 300 tu, ilhali bado ana mayai?

Majibu yote yamo humu. Jadilianeni kwenye vikundi vyenu kabla ya kuyaangalia tena. Tukutane toleo lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.