Maji Maangavu Si Maji Matupu: Chakula cha Bakteria katika Vijito vya Birongo

Wakati wa kiangazi, maji ya vijito vya Birongo, katika nyanda za juu za Kisii, aghalabu huwa maangavu hata changarawe zikaonekana. Makala haya yanakusudia kubainisha kwamba uangavu huo si ithibati ya utupu wala ya usafi.

Tuanze na birika, maadamu Kisii ni nchi ya majani chai. Majani yakitiwa katika maji moto, rangi na ladha hutoka, makapi yakasalia. Vivyo hivyo, jani likianguka kijitoni, sukari na asidi zake huanza kuyeyuka katika saa 24 za kwanza. Mvua nayo huleta uozo wa udongoni. Jumla ya vitu hivi ndiyo mata ogania iliyoyeyuka, yaani masalia ya viumbehai yapitayo katika chujio lenye vitundu vya takriban nusu ya mikromita. Kitambaa cha jikoni hakiyazuii.

Bakteria hawana kinywa. Molekuli ndogo hupenya utando wa seli zao. Zile kubwa sharti zikatwekatwe kwanza kwa vimeng'enya. Sehemu ya chakula hicho hujenga miili yao, nao wakazaana. Sehemu nyingine huwapa nishati, wakitumia oksijeni. Bakteria huliwa na protozoa, protozoa na wadudu wa majini, na wadudu na samaki. Hivyo ndivyo jani linavyogeuka kitoweo.

Hata hivyo, chakula kikizidi huwa balaa. Utafiti wa Mto Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko hulisha bakteria vidimbwini hadi oksijeni ikaisha. Mafuriko yakiyasukuma maji hayo, samaki hufa. Samadi na maji ya vyoo yaweza kuvitenda vijito vyetu vivyo hivyo.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ya kandokando ya mito ing'olewe kwa kuwa hunywa maji mengi. Mjadala ukaishia kwenye wingi wa maji. Ilhali majani yake, yenye mafuta na tanini, ni mlo mgumu kwa bakteria kuliko majani laini ya miti mingi ya kienyeji. Basi apandaye mti ukingoni na ajiulize pia majani yake yatalisha nini. Naye atekaye maji ya kunywa ayachemshe, hata yakiwa maangavu.