Dondoo muhimu: Kupanga kichujio cha MF10

Kwenye chipu hii, rezista na mapigo ya saa ndivyo vinavyoamua masafa yapi yapite.

1. Anza na saa: kwa uwiano wa 100:1, mapigo ya kHz 100 huweka masafa ya kitovu cha kichujio kwenye kHz 1.
2. Modi 1 hupitisha masafa ya chini au bendi, au hukata masafa mamoja; ukitaka ya juu, tumia modi 3.
3. Katika modi 1, Q (ukali wa kichujio) ni rezista R3 ÷ R2. Ukiongeza R3, ukuzaji wa bendi nao hupanda. Punguza ishara inayoingia, la sivyo mawimbi yatakatwa vichwa.
4. Usiruke kichujio cha RC (rezista na kapasita) mwanzoni! Kelele iliyo karibu na masafa ya saa hujigeuza kuwa ishara, na ikishaingia haitoki.
5. Weka RC nyingine mwishoni kupunguza mabaki ya mapigo.
6. Kapasita za µF 0.1 zikae karibu na pini za umeme.