Rasimu Imetangazwa: Jinsi ya Kutoa Maoni Ukiwa Hatta

Hatta iko milimani, kilomita kama 130 kutoka jijini Dubai, jirani kabisa na mpaka wa Oman. Kiutawala ni sehemu ya Dubai, ingawa imetengana na jiji lenyewe. Kwa hiyo kanuni zinazowagusa wakazi wake hutoka ngazi mbili: serikali ya shirikisho la Falme za Kiarabu na serikali ya Dubai. Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi huko hotelini, kwenye mitumbwi ya bwawa la Hatta au kwenye lindo ana ngazi ya tatu pia, yaani serikali ya nyumbani. Hiyo bado inatunga kanuni za kodi, ardhi, pasipoti na mawakala wa ajira.

Ngazi zote tatu huwa na nyakati za kutangaza rasimu na kuomba maoni. Wengi wetu huzijua kanuni zikishaanza kukata fedha mfukoni. Makala haya yanaeleza pa kuzitafuta rasimu mapema, namna ya kuandika maoni ambayo afisa anaweza kuyafanyia kazi, na mambo ya kuchunga ukiwa ugenini.

Maoni ni kitu kimoja, malalamiko ni kingine

Maoni yanahusu kanuni itakayowabana watu wote. Malalamiko yanahusu jambo lililokupata wewe. Ukivichanganya, vyote viwili hupotea njia.

Kama mwajiri hajakulipa mshahara, usingoje rasimu ya sheria ya kazi itangazwe. Piga 80084, namba ya wizara ya kazi, MOHRE, ya madai na ushauri wa wafanyakazi. Taka zisizozolewa ni za Manispaa ya Dubai, 800900. Basi lililokupita kituoni ni la mamlaka ya barabara na usafiri, RTA, 8009090. Afisa anayekusanya maoni ya rasimu hana uwezo wa kumlipisha mtu deni. Suala lako litabaki kwenye jalada lake na siku za kudai zinapita.

Kisa chako kinaweza kuingia kwenye maoni kama kielelezo tu: "Kanuni ya sasa inaruhusu jambo hili, na hivi ndivyo linavyotokea kazini." Hapo unazungumzia kanuni.

Rasimu zinapatikana wapi

Kwa ngazi ya shirikisho, anzia kwenye tovuti ya serikali, u.ae, sehemu ya ushiriki wa kidijitali, pamoja na jukwaa la Sharik. Wizara pia hutangaza zenyewe. Wizara ya Fedha ilipokuwa inaandaa kodi ya mapato ya kampuni, ilitoa waraka wa mashauriano tarehe 28 Aprili 2022 na kupokea maoni hadi 19 Mei. Sheria yenyewe, Amri ya Sheria ya Shirikisho Na. 47 ya 2022, ilitoka Desemba mwaka huo. Hesabu mwenyewe: mfanyabiashara alikuwa na wiki tatu tu za kusema neno kuhusu kodi ambayo leo ni sehemu ya hesabu zake.

Kuna pia Baraza la Taifa la Shirikisho, lenye wajumbe 40, wanane kati yao wakitoka Dubai. Miswada ya shirikisho hupita hapo kujadiliwa. Nusu ya wajumbe huchaguliwa na raia walio kwenye orodha ya wapiga kura, kwa hiyo mgeni hana kura, ila mijadala yake inakuonyesha sheria gani iko njiani.

Kwa Dubai, jukwaa la 04 hupokea mapendekezo na malalamiko yanayohusu taasisi za serikali ya Dubai. Kituo cha fedha cha DIFC, ambacho kina sheria zake, kina desturi ya kuchapisha rasimu na kutoa muda wa maoni. Sheria zilizokwisha kutolewa huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi kwa Kiarabu, na Kamati Kuu ya Sheria ya Dubai hutoa tafsiri za Kiingereza. Kukiwa na tofauti, matini ya Kiarabu ndiyo inayotawala, kwa hiyo neno likikutatiza mtafute mtu anayesoma Kiarabu vizuri kabla ya kulijengea hoja.

Tuseme kweli: kanuni nyingi za Dubai hutolewa bila kupitishwa kwa umma kwanza. Ndiyo maana pendekezo lako halihitaji kungoja tangazo. Hatta ina mpango wa maendeleo wa miaka mingi uliozinduliwa 2021, na kazi za utalii, barabara na makazi zinaendelea. Ukiona jambo linalorekebishika, liandike na ulipeleke.

Kwa Kenya, Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na karani wake hutangaza magazetini na kwenye tovuti mwito wa kuwasilisha maoni kwa maandishi. Muswada wa fedha hufika bungeni kabla ya mwisho wa Aprili na kuamuliwa kabla ya mwisho wa Juni, hivyo Mei ndio mwezi wa kukaa macho. Kanuni za wizara na mamlaka zinafuata Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013: lazima kuwe na mashauriano na wanaoguswa, na zikishachapishwa lazima zifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo zinakufa.

Kwa Tanzania, kamati za Bunge huita wadau kutoa maoni juu ya miswada, na mamlaka za udhibiti kama EWURA na LATRA huitisha mikutano ya wadau kabla ya kupanga bei na nauli. Kila moja ina baraza la kuwatetea watumiaji. Ukiwa mbali, andikia baraza hilo, au mpe ndugu yako waraka wako auwasilishe mkutanoni.

Lisome tangazo kabla ya rasimu

Tangazo lina mambo matano ya kuandika pembeni kabla hujafungua rasimu yenyewe: ni taasisi gani inayotunga kanuni, inatumia sheria gani kama msingi wa mamlaka yake, maoni yanatumwa wapi, yanatakiwa kwa muundo gani na lugha gani, na mwisho ni lini.

Muundo una uzito wake. Taasisi nyingine hutaka fomu yake ijazwe mtandaoni na haipokei barua. Nyingine hutaka kila hoja iambatane na namba ya kifungu. Waraka mzuri uliotumwa kwenye anwani isiyo yenyewe hauhesabiwi.

Saa nazo zinakosesha watu. Hatta iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar es Salaam. Tangazo la nyumbani likisema mwisho ni saa kumi na moja jioni, kwako ni saa kumi na mbili. Rasimu ya Falme za Kiarabu ikiwa na saa hiyo hiyo na unamtegemea mwenzako aliye Mombasa akutumie, yeye ana hadi saa kumi tu. Kumbuka vilevile kwamba tangu Januari 2022 ofisi za serikali ya shirikisho na za Dubai hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya nusu siku. Tuma siku mbili kabla.

Andika maoni yenye kushikika

Tuchukue mfano wa kubuni. Rasimu inasema kila mhudumu wa michezo ya maji afaulu mtihani wa uokoaji ndani ya siku 30 tangu kanuni ianze kutumika. Wengi wangeandika hivi: "Kanuni hii inatuonea sisi wanyonge. Tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma." Afisa ataisoma, atahurumia, na hatakuwa na cha kubadilisha, kwa sababu hakuambiwa ni wapi pabadilishwe.

Linganisha na hii:

"Kifungu cha 7(2). Naunga mkono mtihani wa uokoaji. Tatizo ni muda wa siku 30. Mimi ni mhudumu wa mitumbwi Hatta. Mtihani unafanyika jijini, kilomita 130 kutoka hapa, siku za kazi, na sisi tuna siku moja ya mapumziko kwa wiki. Wahudumu wote wakienda ndani ya mwezi mmoja, bwawani kutabaki wahudumu wachache kuliko leo, kinyume na lengo la kanuni hii. Napendekeza kifungu kisomeke 'ndani ya siku 90', au watahini wafike Hatta mara moja kwa mwezi."

Waraka huu umetaja kifungu, ukakubali kilicho kizuri, ukasema mwandishi anajuaje, ukaonyesha madhara, kisha ukaleta maneno mbadala. Zaidi ya yote, umetumia lengo la kanuni yenyewe kuipinga sehemu yake. Mtunga kanuni aliyesema anataka usalama hawezi kupuuza kirahisi hoja kwamba kifungu chake kitapunguza usalama.

Ukitaja gharama, weka hesabu. Basi la RTA kati ya Hatta na Dubai Mall lilipoanzishwa 2022 lilipangwa kuondoka kila baada ya saa mbili, kwa nauli ya dirhamu 25. Kwenda na kurudi ni dirhamu 50, hujanunua hata maji ya kunywa. Sentensi moja kama hiyo, ikiwa na nauli ya siku unayoandika, ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko.

Ukurasa mmoja au miwili unatosha. Anza na hoja iliyo nzito, kisha panga nyingine kwa mfuatano wa vifungu. Kama unaandika kwa niaba ya wenzako, sema ni akina nani na wamekubali vipi. Barua ishirini zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa kama hoja moja. Barua tano zinazoeleza hali tano tofauti ni hoja tano.

Lamu na mahakama: kwa nini uweke kumbukumbu

Mfano mkubwa wa pwani yetu ni mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. Mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni Septemba 2016. Wakazi wa Lamu wakaenda kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Mikutano ilikuwa imefanyika kweli, lakini mahakama iliona kwamba ile ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na watu hawakupewa nafasi ya kutosha kuijadili ripoti yenyewe ya athari ilipokamilika. Kuitwa mkutanoni kabla hujapewa cha kusoma hakukutosha.

Upande wa pili wa sarafu ni kesi ya kampuni ya sigara ya BAT Kenya dhidi ya kanuni za tumbaku za 2014. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilizibakiza kanuni hizo. Ilieleza kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, lakini kusikilizwa hakumaanishi kila unachotaka kikubaliwe.

Kesi za namna hii huamuliwa kwa karatasi: tangazo lilitoka lini, rasimu ilipatikana wapi, nani alisema nini, siku gani. Hifadhi nakala ya tangazo, rasimu uliyoisoma, waraka wako na ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa. Usipopata uthibitisho, andika tena uombe.

Ukiwa ugenini, chunga haya

Katika Falme za Kiarabu tumia njia rasmi, na uandike kwa jina lako mwenyewe na kwa lugha ya heshima. Sheria ya shirikisho ya kupambana na uvumi na uhalifu wa mtandaoni, Na. 34 ya 2021, ni kali, na kinachopita kama utani kwenye kundi la WhatsApp la nyumbani kinaweza kuwa kosa huko. Usisambaze rasimu "iliyovuja", usitume picha za watu bila ruhusa yao, na usianze kukusanya saini au michango bila kuuliza kwanza kama inaruhusiwa. Siri za mwajiri na majina ya wateja yasiingie kwenye waraka. Kanuni huko hupimwa kwa hoja, na hoja haihitaji kumtukana mtu.

Baada ya kutuma

Kanuni ikitoka, iweke kando ya rasimu uitazame kifungu kwa kifungu. Kama siku 30 zimekuwa 90, waambie wenzako, ili safari ijayo waandike nao. Kama hakuna kilichobadilika, uliza kwa nini. Raia wa Kenya anaweza kutumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Tanzania ina sheria ya mwaka huo huo yenye muda wa siku 30. Omba ripoti ya maoni yaliyopokelewa na namna yalivyoshughulikiwa.

Kanuni haziishi bila kurekebishwa. Hoja iliyokataliwa mwaka huu, ikiwa na ushahidi wa mwaka mzima wa utekelezaji, hurudi ikiwa na nguvu zaidi rasimu ya marekebisho inapotangazwa. Kwa hiyo tangu siku kanuni inapoanza, andika tarehe, gharama na kilichotokea kila inapokugusa kazini. Hayo ndiyo maoni yako yajayo, na tayari utakuwa umeshaandika nusu yake.