Kupimwa na Kuenenzwa: Istilahi ya Vipimo vya Mwili kwa Wafanyakazi wa Baharini

Fundi cherehani wa Mkongani hakati kitambaa kabla ya kuzungusha futikamba kifuani mwa mteja na kuinyoosha begani. Mteja huyo huyo akiteremka Msambweni au Shimoni kufanya kazi baharini, hukabidhiwa jaketi la kujiokolea lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ipo taaluma inayoshughulikia pengo hilo, nayo bado haijapata jina la kuridhisha katika Kiswahili.

Tarehe 23 Agosti 2013, helikopta iliyokuwa ikiwarejesha wafanyakazi wa mitambo ya mafuta ilianguka baharini karibu na Sumburgh, visiwani Shetland. Watu 4 walifariki. Katika miaka hiyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Robert Gordon, Aberdeen, waliwapima kwa mitambo ya picha za pande tatu wanaume 588 wafanyao kazi baharini. Ilibainika kwamba uzito wa wastani ulikuwa umepanda kwa asilimia 19 tangu miaka ya 1980. Tangu Aprili 2015, Uingereza inataka abiria wa helikopta hizo mwenye mabega ya sentimita 55.9 au zaidi akae karibu na dirisha linaloweza kumpitisha. Mizani ingetosha kwa rubani anayehesabu mzigo. Dirishani kinachomkwamisha mtu ni mabega.

Kiswahili si maskini wa vipimo. Tuna shibiri, wari na pima. Tuna hata mikono miwili tofauti, mkono kamili unaoishia ncha ya kidole na mkono konde unaoishia kwenye ngumi. Lakini katika msamiati huo mwili ndio chombo cha kupimia. Hapa mwili wenyewe ndio unaopimwa.

Je, tuseme 'kupima mwili'? Mwambie kijana wa Kwale kwamba kesho atapimwa kabla ya kupanda chombo, naye atafikiria damu, malaria, pengine Ukimwi, na hofu ya kukosa kibarua. Anayeogopa kipimo hukikwepa, na takwimu zinaharibika tangu mwanzo.

Napendekeza kitenzi 'enenza', yaani kulinganisha vitu viwili kwa kupima kimoja dhidi ya kingine. Kina udugu na 'enea', tunavyosema nguo imemwenea mtu. Wafanyakazi huenenzwa na dirisha, ngazi, kiti au jaketi, nayo taaluma iitwe uenenzaji. Neno hili linataja pande mbili, mwili na kifaa. Iwapo haviafikiani, kifaa nacho chaweza kubadilishwa. 'Pima' humwacha mfanyakazi peke yake mizanini.

Wapo watakaosema kwamba neno ni la kale mno. Hilo halinisumbui, kwani istilahi nyingi tunazotumia zilifufuliwa vivyo hivyo. Kinachonisumbua ni ndugu yake 'chenezo', kwa kuwa ndicho kijiti au ukuti wa kumpimia maiti kabla ya kaburi kuchimbwa. Baharia akiletewa chenezo akiwa hai, ataguna. Basi tuchukue kitenzi, na chombo tukiache kiitwe futikamba.